Kijiti Kilichoanguka Kabla ya Krismasi

Wiki iliyopita mwanangu aliniletea kutoka Sondu gunia dogo la njugu ambazo bado zimo ndani ya maganda, udongo wa shambani ukiwa umezigandia. Nilipolifungua pale jikoni, harufu ya ule udongo ilinipanda puani nikaliachia likaanguka. Mke wa mwanangu aliniuliza kama nimeumwa na mdudu. Nikamwambia ni uzee tu. Ukweli ni mrefu, naye alikuwa anakimbilia mjini kununulia watoto viatu vya Krismasi kabla maduka hayajafurika.

Kila Desemba huwaomba wajukuu wangu jambo moja. Nawaomba siku tatu za mwisho kabla ya Krismasi wakae nyumbani nami, simu zikae kabatini, tumenye njugu kwa mikono. Wananicheka. "Dani, njugu zilizomenywa zinauzwa hapo tu barabarani," husema yule mkubwa, dani ikiwa ni bibi kwa lugha ya kwetu, na anachosema ni kweli. Hata hivyo hukaa, kwa kunihurumia. Wanadhani ninapenda siku hizo kwa sababu nina kumbukumbu tamu za utoto. Ninyi wa rika langu ndio nitakaowaeleza kwamba siku zile nilizozipata mara ya kwanza nilizipitia nikiwa na hofu ambayo sijapata kuonja nyingine kama hiyo, na nimeshazika watu wengi tangu wakati huo.

Tulikaa upande wa Nyakach, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka soko la Pap Onditi. Asubuhi yenye hewa safi uliliona ziwa kutoka uani kwetu, ukanda mwembamba unaong'aa kama bati jipya. Baba hakuwa mvuvi, na jembe alilishika kwa msimu tu. Alikuwa mwokaji mikate mjini Kisumu. Nyumbani alikuja mara chache, ila Krismasi hakuikosa. Alifika mkesha wenyewe, jua likielekea kuzama, amebeba mikate sita ndani ya mfuko wa unga uliofuliwa, na nguo zake zilinukia hamira. Asubuhi tulikwenda kanisani, tukala, wageni wakaja, na siku ya tatu alirudi kazini. Nilimpenda kama mtoto anavyompenda mgeni mwenye zawadi. Sikuwa nimewahi kumwona akikaa tu.

Wiki mbili kabla ya Krismasi ilikuwa ni kazi juu ya kazi. Mama alikandika nyumba upya, udongo mweusi wa bondeni chini, wa kijivu uliochanganywa na samadi juu, na kwa vidole vyake alichora mistari kama mawimbi kuzunguka mlango. Kaka yangu Otieno, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alifyeka nyasi za uani. Mimi nilikuwa na miaka minane, na kazi yangu ilikuwa kulinda mtama uliotandazwa kwenye mkeka usiliwe na ndege. Silaha yangu ilikuwa ufito mrefu unaonepa. Unabandika donge la udongo kwenye ncha, unauvuta nyuma, unaupiga mbele, na donge linakwenda mbali kuliko jiwe la mkono.

"Wewe hata kunguru wanakujua kwa jina," Otieno aliniambia. "Wakikuona wanaitana. Wanasema njooni, leo ni zamu ya Akoth."

Labda ndiyo maana siku ile nilirusha kwa hasira. Kunguru mmoja alikuwa ametua juu kabisa ya paa la nyumba ya Mama, akinitazama kwa jicho moja. Nikabandika donge kubwa na kurusha. Kunguru aliruka. Donge likapiga kijiti.

Kwa wasomaji wasio wa kwetu, nieleze. Katika kilele cha paa la nyasi, pale nyasi zote zinapofungwa pamoja, mwenye boma huchomeka kijiti kilichochongwa, ncha yake ikielekea mbinguni. Sisi tunakiita osuri. Apitaye njiani akikiona hujua jambo moja bila kuuliza, kwamba mwanamume wa nyumba hii yu hai. Siku akifa, kijiti huondolewa.

Nilikuwa nimeshuhudia kikiondolewa. Miezi michache kabla ya hapo jirani yetu alizikwa, mzee aliyezoea kunikatia muwa kila nilipopita kwake. Niliona kwa macho yangu mtu akipanda paa, akang'oa kile kijiti, na kilio cha wanawake kikapanda upya, kisha mzee akashushwa kaburini. Mambo yalifuatana hivyo mbele yangu, nami nikayafunga pamoja jinsi nilivyoyaona. Kijiti kilitoka, ndipo mzee akaenda. Hakuna aliyefikiri kumweleza mtoto kwamba mzee alikuwa amekufa siku tatu kabla ya hapo.

Basi nilipoona kijiti cha baba yangu kikiinama, kikayumba, kikateleza na kuanguka nyuma ya nyumba, sikulia. Nilikaa kwenye mtama.

Nilizunguka nyuma na kukiokota. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyotazamia. Mama alikuwa upande wa mbele akiimba wimbo wa kanisani, mikono yake ndani ya udongo. Nilikirusha juu ya paa ili kirudi mahali pake. Kikateleza kikaniangukia miguuni. Nikarusha tena, na tena. Mara ya nne nilisikia Otieno akija na panga lake, nikakimbia nacho mpaka kwenye ua wa minyaa unaozunguka boma, nikakisukuma ndani kabisa, katikati ya matawi. Utomvu mweupe ulinidondokea mkononi. Kila mtoto wa kwetu anajua utomvu huo hupofusha, nami nikajifuta kwenye gauni nikiona kwamba adhabu imeshaanza.

Baba alikuja kesho yake.

Zilikuwa zimebaki siku nane kufika Krismasi. Mtoto wa jirani alikuwa mbele, amejitwika sanduku la bati la Baba kichwani, na Baba alifuata nyuma polepole, akisimama kila hatua chache kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha njiani. Hakuwa na mfuko wa mikate. Mama alisimama na udongo ukimdondoka viwikoni.

"Baba Otieno," alisema. "Mbona mapema?"

"Mji umenichoka," alisema Baba, akatabasamu, na tabasamu likakatizwa na kikohozi kilichomwinamisha.

Otieno alitazama nyuma yake, kisha akauliza, "Mikate iko wapi?"

"Mwaka huu mikate imekataa kupanda gari. Imesema barabara ni mbaya."

Otieno alicheka. Mimi nilimtazama Baba shingoni, mahali ambapo kola ya shati ilikuwa imekuwa kubwa, nikajua nimefanya nini.

Zikaanza siku ambazo leo, nikizikumbuka, namshukuru Mungu kwazo nikiwa nimepiga magoti. Baba hakwenda popote. Asubuhi alitoa kiti chake nje, upande wa kivuli, akakaa. Siku ya kwanza Mama alizunguka akifanya kazi zake kana kwamba hakuna mtu pale. Siku ya pili Baba akamwita.

"Acha huo udongo ukauke. Njoo ukae."

"Nikikaa nani atamaliza ukuta?"

"Ukuta hauendi popote. Kaa kidogo."

Mama alikaa ukingoni mwa mkeka, kama mgeni kwake mwenyewe, magoti yakiwa tayari kuinuka. Baba akaagiza chungu cha njugu, zile zilizohifadhiwa na udongo wake, akazimwaga katikati yetu. Tukamenya.  Mwanzoni zilisikika sauti za maganda tu, tak, tak, na kuku wakikwaruza karibu. Kisha Baba akaanza kutueleza jinsi donge la unga linavyofura, jinsi unavyolifunika na kuliacha, na kwamba mwokaji mbaya ni yule anayefunua kila mara kuangalia. Otieno akauliza kama mikate huungua. Baba akasema aliwahi kuunguza mikate mia moja kwa sababu ya usingizi, akasingizia kuni. Mama akacheka, cheko ambalo sikuwa nimelijua, la msichana. Kufikia siku ya tatu alikuwa anakaa bila kuitwa. Alikuja na ungo wake, akanyoosha miguu, akaegemeza bega kwenye mguu wa kiti cha Baba.

Kila raha niliyoiona ilinitisha. Kama angekuwa mkali nisingeogopa hivyo. Lakini alikuwa mpole, alituuliza majina ya marafiki zetu, alinishika kichwa akasema, "Kumbe una kovu hapa. Ulianguka lini?" na moyoni nilisema, anatuaga. Sikuweza kula njugu nilizomenya. Nilizisukuma upande wake moja moja, nikisikiliza kifua chake, mle ndani ambamo kitu kilipiga mluzi kila alipovuta pumzi. Mluzi ukinyamaza, mimi pia niliacha kupumua mpaka uanze tena.

Jioni moja niliwasikia jikoni. Mama aliuliza, "Daktari alisema nini hasa?"

"Alisema unga umekaa kifuani. Alisema niuache."

"Na ukiuacha utapona?"

 Nilisikia Baba akigeuza kuni motoni.

Nilifundishwa sala kabla sijafundishwa kusoma, kwa hiyo nilisali. Lakini nilisali kama mchuuzi. Nilimwambia Mungu nitampa sehemu yangu ya nyama ya Krismasi. Nikaongeza gauni langu jipya, ambalo bado halijashonwa. Nikamwambia nitaulinda mtama mpaka nife. Kitu kimoja tu sikumpa, nacho ndicho alichokuwa akikitaka. Kila asubuhi nilikwenda kwenye minyaa kuhakikisha kijiti hakijaonekana.

Jumapili, tukitoka kanisani, Dani, mama yake Baba, alikuja kumwona mwanawe. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, na tangu Baba aje hakuna mtu aliyekuwa ameinua uso kutazama paa, maana wote tulikuwa tunamtazama yeye. Dani alisimama katikati ya ua, akaweka kiganja juu ya macho.

"Nyumba hii ina nini?" alisema. "Imekaa kama jogoo aliyekatwa kishungi."

Mama alikuwa anatoka na bakuli la uji. Aliinua kichwa, akaona, na bakuli likainama mpaka uji ukamwagikia miguuni naye asijue kama ni wa moto. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiogopa. Nilidhani hofu huisha ukikua. Pale uani niliona hofu yangu mwenyewe kwenye uso wa mama yangu, na ikawa kubwa mara mia.

"Nani alipanda paa hili?" Dani aliuliza.

Aliyekuwa amepanda ni Otieno, mwezi uliotangulia, alipotumwa kuziba tundu linalovuja.

"Si mimi, Dani. Nilikiacha kimesimama."

"Mkono wako huo umeharibu kila kitu duniani isipokuwa ugali. Kiko wapi?"

"Sijui."

"Kawaite wazee," Dani alimwambia Baba. "Kabla jua halijazama. Hili si jambo la kulala nalo."

"Mama, leo ni Jumapili," alisema Baba. "Kaa kwanza unywe uji."

"Nitanywaje uji chini ya paa lililokaa hivi, na wewe unakohoa hivyo?"

 Niliona Baba ameshika mkono wa kiti chake kwa nguvu, vidole vimekuwa vyeupe kama siku za unga. Hapo ndipo ningesema.  Lakini Mama, ambaye hakuwa mtu wa kupiga watoto, alimshika Otieno mkono akampeleka nyuma ya nyumba, na njiani akaokota ufito uliokuwa karibu. Ulikuwa ule wangu wa kufukuzia ndege. Nilihesabu fimbo tatu. Kila moja Otieno aliijibu kwa maneno mawili, si mimi, bila kupaza sauti.

Baadaye alikuja akakaa karibu nami kwenye mkeka wa mtama, akijikuna miguu. 

"Mimi sina madonge ya udongo," alisema hatimaye, akitazama mbele. "Paani kuna alama ya donge. Nimeiona."

Nilianza kuokota mawe kwenye mtama.

"Sitasema. Baba akipona, sitasema kamwe." Akasimama. "Lakini akifa, nitasema."

Nimesikiliza mahubiri mengi maishani, mengine ya moto kabisa. Hakuna lililoniingia mifupani kama maneno ya kaka yangu siku ile.

Asubuhi iliyofuata, umande ukiwa bado kwenye nyasi, nilitoka kwenda kwenye minyaa. Nilipita upande wa kulia wa nyumba nikamkuta Baba amepiga goti. Alikuwa na kamba na vigingi vinne. Alipigilia kimoja, akavuta kamba, akapima kwa hatua zake, akapigilia kingine. Alichokuwa amekipima kilikuwa kirefu kuliko yeye kidogo, na upana wake ulikuwa wa mtu na nafasi ya kupita. Upande wa kulia wa nyumba ndipo wanaume wa kwetu huzikwa. Jirani yetu tulimwacha upande huo huo, mbele ya nyumba ya mkewe.

Aliweka jembe begani, akapumzika, akatazama ardhi kama fundi anayetazama ubao.

Sijui nilifikaje kwenye ua wa minyaa. Nakumbuka nilichomoa kijiti bila kuangalia utomvu, nikarudi mbio, nikaingia ndani ya kamba zile, nikalala chali. Nilitaka akichimba anikute mimi.

"Akoth," alisema Baba. "Unafanya nini hapo chini? Utachafua gauni."

"Ni mimi," nilisema. "Si Otieno. Nililenga kunguru."

Nilimnyoshea kijiti. Alikipokea, akakigeuza mkononi, na uso wake ukabadilika, kisha ukarudi.

"Na kwa nini umelala?"

"Ili usiingie wewe."

"Niingie wapi?"

"Kwenye kaburi."

Alianza kucheka. Kicheko kikapanda, kikakutana na kikohozi njiani, na kwa muda mrefu alikohoa akiwa ameshikilia jembe, machozi yakimtoka. Kilipoisha hakucheka tena. Alikaa chini, hapo hapo ndani ya kamba, karibu na kichwa changu.

"Hiki ni kitalu cha vitunguu," alisema. "Nimeacha kazi, nyara." Nyara ni binti yangu, kwa lugha ya kwetu. "Nitakuwa nyumbani sasa. Nilikuwa nangoja Krismasi ipite ndipo niwaambie, maana sikujua jinsi ya kuwaambia bila mikate mkononi."

"Hufi?"

Mtu mwingine angesema hapana. Watu wazima wengi husema hapana upesi, wapate kuondoka hapo. Baba alitazama chini bondeni, kuliko na ziwa, ambalo asubuhi hiyo lilikuwa limefunikwa na ukungu.

"Naumwa," alisema. "Sitakudanganya. Wakati mwingine pumzi inakataa, nami naogopa, kama wewe. Lakini siku yangu mimi siijui, na daktari haijui, na kijiti hiki pia hakiijui." Alikivunja kijiti kwa vidole viwili tu. Ndani kilikuwa kitupu, unga mtupu, na mchwa wawili wakatoka wakikimbilia mkononi mwake. "Unaona? Walianza zamani. Wewe na kunguru wako mmekuja wamemaliza."

Nililia wakati huo, kwa mara ya kwanza tangu kijiti kianguke. Aliniacha nilie mpaka mwisho. Kisha akaniambia ninyanyuke, kwa sababu kuna mtu aliyepigwa fimbo tatu ambazo hazikuwa zake.

Nilisema mbele ya Mama na Otieno, na ilikuwa vigumu kuliko kusema kwa Baba. Mama alikwenda kwa Otieno, akamgusa mguu pale penye alama. Otieno alinigeukia.

"Njugu zako zote mpaka Pasaka," alisema.

"Zote?"

"Na utawaambia kunguru kwamba mimi siwafahamu."

Ilibaki habari ya paa. Dani alirudi mchana huo na mzee mmoja wa ukoo, na kijiti kipya tayari kimechongwa. Wakataka Baba akipandishe, na kama hana nguvu, apandishiwe. Wala sikuwalaumu, na leo pia siwalaumu. Walimpenda, na hicho ndicho walichokuwa nacho mkononi cha kumpendea. Nami nilitaka kipandishwe kuliko mtu yeyote pale. Lakini Baba alikipokea kwa mikono miwili, akamshukuru mzee, akakiegemeza ukutani.

"Nitakipandisha mwenyewe, kifua kikitulia," alisema. "Si kabla ya Krismasi."

"Wageni watasema nini?" Dani aliuliza. "Watafika mlangoni wakidhani tuko kwenye matanga."

"Watakaribishwa na mimi. Nataka watoto hawa wajue niko hai kwa kunitazama, si kwa kutazama paa."

Dani alisema kwamba dini imempa mwanawe kichwa kigumu, na kwamba hata kabla ya dini kilikuwa hivyo hivyo. Mzee wa ukoo akacheka ndani ya kikombe chake cha chai.

Mnaosoma msifikiri hofu iliniondoka. Siku zile tatu za mwisho zilikuwa ndefu kuliko zote. Tulikaa kwenye mkeka chini ya paa lisilo na ncha, tukamenya, Mama akaimba, Baba akalala kidogo mchana mdomo wazi nami nikamlinda kama nilivyopaswa kulinda mtama. Lakini kitu kimoja kiligeuka. Mwanzoni nilimsikiliza nikingoja mluzi ukome. Sasa nilianza kumwona. Niliona kwamba unyusi wake mmoja ulikuwa na mvi na mwingine haukuwa nazo. Niliona anavyomenya, kwa kidole gumba cha kushoto, na kwamba njugu ya kwanza kila mara humpa Mama, na Mama huipokea bila kumtazama, akiendelea na maneno yake. Yote hayo yalikuwepo kila Krismasi, na kama si hofu ile ningeyapita mbio nikitafuta mikate. Sisemi kwamba Mungu huleta hofu. Nasema kwamba mimi, mtoto mwenye haraka, alinikalisha chini kwa kitu kilichokuwa karibu.

Baba aliishi miaka tisa tangu siku zile, akalima vitunguu, na kikohozi kilimjia na kumwacha kama jamaa mwenye deni. Katika miaka hiyo yote hakuna Desemba tuliyokuwa na uhakika naye, na hakuna tuliyoipoteza.

Asubuhi ya Krismasi ile niliamka na kusikia ukimya. Hakuna kikohozi, hakuna mluzi. Mwanga ulikuwa umeingia chini ya mlango. Nilitoka bila kuvaa viatu, nikapita chumba cha mbele ambacho hakikuwa na mtu.

Alikuwa ameketi nje, amevaa koti lake la kanisani, vifungo vyote vimefungwa, Kitabu cha Nyimbo juu ya goti. Alikuwa amenyoa. Nilisimama mlangoni.

"Unatafuta nini?" aliuliza.

"Nakutafuta wewe."

Alinigeukia uso wote, akakaa hivyo bila kupepesa, ili nipate kutazama kiasi nilichotaka.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Haya, nenda ukanawe," alisema Baba. "Wenzako wameshapita zamani kwenda kanisani, na mimi siku hizi natembea polepole."